Ncha za kalathea zinaunguzwa na maji tunayomwagilia, si hewa kavu. Anayepinga alete hoja

#1 Kivuli cha Dirisha

Wakuu, salaam.

Kila mtu akileta hapa kalathea (ule mmea wa mapambo wa ndani wenye majani ya michoro) iliyokauka ncha, jibu huwa lile lile: hewa kavu, ongeza unyevu. Nimeishi na jibu hilo muda mrefu na sasa nalikataa.

Chumbani nina mbili za aina tofauti, orbifolia na makoyana. Kuna mashine ya kutoa mvuke, na kipima unyevu kinacheza kati ya asilimia 60 na 65. Hazipigwi na jua la moja kwa moja. Joto ni nyuzi 24 hadi 26. Bado kila jani likishafunguka na kukaa wiki chache, ncha inageuka kahawia, kisha kahawia inatambaa ukingoni. Kati ya palipokufa na palipo hai pana mstari mwembamba wa njano.

Hiyo makoyana niliigawa mizizi, kipande kimoja nikakiweka barazani kwenye kivuli. Huko hewa ni kavu kuliko chumbani, nimepima. Tofauti ni kwamba cha barazani kinakunywa maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa. Majani yake mapya ni safi mpaka pembeni.

Kwa hiyo nasema hewa inasingiziwa. Mhalifu ni maji ya bomba, na ndani ya hayo maji nashuku floridi (aina ya madini yanayoyeyuka majini) na chumvi nyingine. Karibuni.

#2 Jani Bichi

Naweka kigoda hapa nisubiri wajuzi. Yangu imekauka ncha karibu majani yote na nilishaanza kuichukia.

#3 Shangazi Mimea

Mwanangu Kivuli, usiiachie hewa huru mapema hivyo.

Makoyana asili yake ni Brazili, na ndugu zake wengi ni mimea ya chini ya misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Huko jua linachujwa na miti, upepo hauingii, na hewa imejaa mvuke. Jani lake ni pana na jembamba. Mmea wa namna hiyo ukiuweka kwenye chumba chenye kiyoyozi unapoteza maji kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifidia, na sehemu ya kwanza kukosa ni ile iliyo mbali zaidi na mizizi.

Wengi hawajui pia kwamba kupasha hewa joto tu, bila kuitoa maji, kunaifanya iwe kavu. Hewa ya nyuzi 10 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha mpaka nyuzi 22 inashuka hadi karibu asilimia 37. Kwa hiyo wanaoishi kwenye baridi na kuwasha vipasha joto wanakausha kalathea zao bila kujua.

Swali langu kwako: kipima unyevu umekiweka wapi? Kikiwa jirani na mashine kitasoma pumzi ya mashine. Kiweke katikati ya majani, tena usome alfajiri na saa nane mchana. Asilimia 65 ya usiku inaweza kuwa 40 mchana na wewe uko kazini.

#4 Mkemia wa Maji

Namuunga mkono mleta uzi, ila kwa mipaka.

Floridi huingia kwa mizizi, hupanda pamoja na maji, na ikishafika kwenye jani haina njia ya kurudi. Maji yanatoka kama mvuke, floridi inabaki. Inajikusanya pale safari ya maji inapoishia, yaani ncha na kingo, mpaka chembe hai za hapo zinakufa. Mimea inayojulikana sana kwa udhaifu huu ni drasena, kodilaini, ule wa majani membamba yenye mistari myeupe (Chlorophytum comosum), na ukoo wa maranta ambamo kalathea imo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita ya maji ya kunywa. Mimea dhaifu inaweza kuungua kwa kiwango kilicho chini ya hapo, kwa sababu haiitoi, inaiweka akiba kwenye jani maisha yake yote. Kwa hiyo mtu asiniambie "maji yetu yamepimwa, ni salama." Yamepimwa kwa ajili ya mtu.

#5 Jani Bichi

Mkemia asante. Mimi nalaza maji kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kumwagilia. Hiyo haitoshi?

#6 Mkemia wa Maji

Inategemea unataka kuondoa nini.

Klorini ni gesi, itaondoka kwenye ndoo iliyo wazi. Lakini mamlaka nyingi za maji siku hizi hutumia kloramini, na hiyo haikimbii kwa usiku mmoja. Floridi si gesi kabisa, utailaza mwezi na utaamka nayo. Kuchemsha ni kubaya zaidi: maji yanapungua, floridi inabaki pale pale, kwa hiyo unaikoleza. Jagi lenye kichujio cha mkaa wa kawaida linashika klorini, floridi inapita.

Kinachosaidia ni maji ya mvua, maji ya mvuke uliorudishwa kuwa maji, au maji ya mtambo wa RO (unaosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia madini). Mkaa wa mifupa nao unashika floridi. Na mwenye mashine ya kulainisha maji inayotumia chumvi asimwagilie maji hayo, yana sodiamu.

#7 Pazia Jeupe

Vipi yale maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi? Naona yanapotea bure kila siku.

#8 Mkemia wa Maji

@Pazia Jeupe hayo ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, kwa hiyo madini ni machache. Yanaweza kubeba vumbi na shaba kidogo kutoka kwenye mabomba ya mashine. Kwa mmea wa mapambo wengi wanayatumia bila shida. Usiyanywe wala usimwagilie mboga.

#9 Mzee wa Mboji

Vijana, mnabishana juu ya hewa na juu ya maji, na hakuna hata mmoja aliyeutoa mmea kwenye chungu akatazama mizizi.

Ncha kavu ni lugha ya jani inayosema "maji hayafiki." Hayafiki kwa sababu gani? Mara nyingi kwa sababu mizizi imeoza. Udongo umeshindiliwa, hewa haipiti, kuvu wa maji kama Pythium wanapata karamu. Mmea umekaa kwenye tope na bado una kiu. Mwenye nyumba akiona ncha zimekauka anaongeza maji, na anauzika.

Toa mmea. Mzizi mzima ni mweupe au rangi ya mchanga, mgumu kidogo ukiubana. Uliooza ni kahawia, laini, ganda linavuka ukilivuta na unabaki na uzi katikati, na una harufu. Kata uliooza, badilisha udongo. Mchanganyiko wangu ni makumbi ya nazi, magome ya miti yaliyokatwakatwa, perlaiti (vile vipande vyeupe vyepesi vya mwamba) na mboji kidogo. Weka kokoto chini ya chungu ili maji yashuke.

#10 Fundi Chungu

Mzee wa Mboji umesema kweli tupu mpaka sentensi ya mwisho. Hiyo ya kokoto naomba nikupinge kwa heshima.

Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto kubwa. Udongo unayashikilia mpaka ushibe kabisa ndipo yaanze kudondoka. Kila chungu kina tabaka la chini linalobaki limeloa baada ya kumwagilia. Kokoto hazilifuti tabaka hilo, zinalipandisha juu, karibu na mizizi. Chungu cha sentimita 20 ukikijaza kokoto sentimita 5 umekifanya kuwa cha sentimita 15. Kinachotoa maji ni matundu ya chini na udongo wenye chembe kubwa kuanzia juu hadi chini.

#11 Mzee wa Mboji

Fundi, nimeweka kokoto kwenye vyungu kabla hujazaliwa na mimea yangu iko hai.

#12 Fundi Chungu

Nakuamini mzee. Naona mchanganyiko wako una magome na perlaiti, kwa hiyo mimea yako ingekuwa hai hata bila kokoto. Anayenisumbua ni yule anayechota udongo wa mfinyanzi nje, anaweka kokoto chini na kudhani amemaliza.

#13 Shangazi Mimea

Mzee wa Mboji na kokoto zake hawataachana, tuendelee 😄

Ila kokoto zina kazi: ziweke kwenye sahani, tia maji yasifike kitako cha chungu, mmea ukae juu. Mmea haulowi kitako na hewa ya jirani inapata mvuke kidogo. Nasema kidogo. Na wale wa kupulizia majani maji kwa chupa, huo unyevu unadumu dakika chache. Maji yakiwa na chokaa unabaki na madoa meupe, na jani likilala limeloa unakaribisha magonjwa ya madoa.

#14 Mwalimu Bota

Nimesoma wote. Naona #3 na #4 wanagombana wakati wanasimulia kisa kimoja.

Hewa ikiwa kavu, jani linatoa mvuke mwingi zaidi. Likitoa mvuke mwingi, linavuta maji mengi zaidi. Maji yakiwa na floridi au chumvi, mzigo unaofika nchani unaongezeka. Kwa hiyo hewa kavu na maji mabaya vinazidishana. Anayeishi kwenye hewa nyevu anaweza kutumia maji yale yale ya bomba na asione kitu kwa muda mrefu. Mwingine mwenye hewa kavu na maji ya mvua naye asione kitu. Kila mmoja ataingia hapa na kuapa kwamba dawa yake ndiyo dawa.

Na jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja: ncha iliyokufa haifufuki. Ukibadilisha maji leo, usihukumu kwa majani ya zamani. Hata jani linalofunguka kesho liliumbwa likiwa limekunjwa ndani wakati wa maji ya zamani. Hukumu ni majani yatakayoanza baada ya hapo.

#15 Kivuli cha Dirisha

Mwalimu nimekuelewa. Lakini kama vinazidishana, mbona kile cha barazani, chenye hewa kavu, ndicho kizima, na cha chumbani chenye mvuke ndicho kinaungua? Kwa hesabu yako maji ndiyo yenye uzito mkubwa.

@Shangazi nimehamisha kipima katikati ya majani kama ulivyosema. Kimesoma 58 saa nane mchana. Si kibaya.

#16 Tone la Usiku

Nina jibu tofauti kwa #15, na litawaudhi wote wawili.

Chunguza majani yako alfajiri kabla dirisha halijafunguliwa. Ukiona matone ya maji yamening'inia nchani na ukingoni, huo si umande. Usiku jani halitoi mvuke wa kutosha, lakini mizizi inaendelea kusukuma maji juu. Shinikizo likizidi, maji yanatokea kwenye vitundu maalum vilivyo pembezoni mwa jani. Tone hilo lina chumvi na vitu vingine kutoka ndani ya mmea. Asubuhi linakauka, maji yanaondoka, chumvi inabaki pale pale nchani. Rudia hilo kwa miezi, ncha inaungua.

Na hali inayosababisha matone hayo ni ipi? Udongo uliolowa jioni na hewa iliyojaa unyevu usiku. Yaani mashine yako ya mvuke. Barazani hewa ni kavu, kwa hiyo matone ni machache na ncha ni safi. Ushahidi wako wa #1 unaelezeka bila kuigusa floridi kabisa.

Jaribu kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na uzime mashine usiku.

#17 Jani Bichi

Sasa nimechanganyikiwa rasmi. Mwingine aongeze unyevu, mwingine aupunguze.

#18 Mkemia wa Maji

@Tone la Usiku hoja yako ina mashiko, ila haiyatoi maji kwenye kesi. Chumvi iliyo kwenye tone imetoka wapi? Imetoka kwenye maji na mbolea. Mtu wa maji ya mvua angepata matone yale yale yenye mzigo mdogo. Na kuwa kwenye baraza kuna tofauti nyingine tele: upepo, mwanga, mabadiliko ya joto la usiku. Mleta uzi amebadilisha vitu vingi kwa mara moja halafu amechagua kimoja akakihukumu.

#19 Kivuli cha Dirisha

Hapo mkuu umenibana. Leteni tu, nasoma yote.

#20 Kidole Kijani

Mimi naomba mtu ageuze jani.

Kalathea ya dada yangu ilikauka ncha, wakabadilisha maji, wakanunua mashine, ikaendelea kufifia. Nilipogeuza jani na kulipangusa kwa karatasi nyeupe nikaona nukta zinatembea. Utitiri mwekundu. Ni mdogo, nusu milimita tu, na pamoja na jina lake mara nyingi ni wa rangi ya njano au kijani hafifu. Unafyonza chembe hai za jani moja moja, kwa hiyo jani linapata vidoa vingi vya rangi iliyopauka kabla ya kukauka, na ukizidi unaona utando mwembamba kwenye pembe za vikonyo. Kwenye joto la karibu nyuzi 30 yai linaweza kuwa mzazi ndani ya wiki moja hivi, ndiyo maana unaona mmea mzima umeharibika ghafla.

Dawa yetu ilikuwa kuosha majani juu na chini kwa maji yanayotiririka, kisha maji ya sabuni laini, na kurudia kila baada ya siku chache kwa sababu mayai yanabaki. Na mmea ulitengwa na wenzake.

#21 Shangazi Mimea

Na utitiri unapenda nini? Hewa kavu yenye joto. Naona kesi inarudi kwangu 😄

#22 Kivuli cha Dirisha

Nimegeuza majani yote kwa miwani ya kusomea. Hakuna nukta, hakuna utando. Kwangu si utitiri.

#23 Jani Bichi

Samahani kama natoka nje ya mada. Yangu zamani ilikuwa inanyanyua majani usiku kama inasali, siku hizi hainyanyui. Inahusiana na ncha? Mtu mmoja aliniambia ikiacha kusali inakufa.

#24 Pazia Jeupe

Ni giza linaloyainua. Ukiwasha taa chumbani usiku haiwezi.

#25 Mwalimu Bota

@Pazia Jeupe, giza halitoshi kueleza. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa mimosa gizani saa zote, na majani yakaendelea kufunguka na kufunga kwa ratiba yake. Mmea una saa ndani yake. Mwanga kazi yake ni kuisahihisha hiyo saa isipotee.

Kwa kalathea na maranta, mahali penyewe ni kile kivimbe kilicho kati ya kikonyo na jani, kipapase utakisikia. Ndani yake potasiamu inahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, maji yanaifuata, upande mmoja unajaa na mwingine unalegea, jani linapanda au kushuka.

@Jani Bichi, kuacha kunyanyua si hukumu ya kifo. Mara nyingi ni mwanga hafifu sana mchana, au taa inayowaka mpaka usiku wa manane, au mmea una kiu. Tofautisha na jani kujiviringa kama mkeka uliokunjwa. Hilo ni kupunguza eneo linalopoteza maji, na ukiliona mchana angalia udongo mara moja.

#26 Jina Kamili

Kwa kuweka kumbukumbu sawa: tangu 2012 spishi nyingi za Calathea zilihamishiwa jenasi ya Goeppertia, zikiwemo orbifolia na makoyana anazotaja mleta uzi. Ukitafuta maelezo kwa jina la zamani pekee utakosa mengi.

#27 Mzee wa Mboji

Na ncha zimepona baada ya kubadilishiwa jina?

#28 Jina Kamili

Hazijapona mzee, ila ukinunua utajua unanunua nini 🙏

#29 Asali Tamu

Wakuu nimefika kwa kuchelewa. Mnalala chumba kimoja na mimea yote hiyo? Usiku si inanyonya oksijeni?

#30 Fundi Chungu

@Asali Tamu mmea unapumua usiku, kweli, lakini kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na mtu mmoja aliyelala kando yako. Hakuna anayekushauri ulale peke yako kwa kuogopa oksijeni.

Na upande wa pili nao tusiutie chumvi, ule wa "mimea inasafisha hewa ya chumba." Habari hiyo ilienea kutokana na utafiti wa NASA wa 1989, uliofanywa kwenye masanduku yaliyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio ya miaka mingi na kukokotoa kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kufikia kinachofanywa na hewa inayoingia na kutoka jengoni kwa kawaida. Fungua dirisha.

#31 Asali Tamu

Nimeelewa. Na paka akitafuna?

#32 Kidole Kijani

Kalathea na maranta hazina sumu kwa paka wala mbwa. Za kuchunga ni monstera, pothosi na difenbakia. Zina vijisindano vya kalsiamu oksaleti vinavyochoma mdomo na koo, kwa mnyama na kwa mtoto.

Turudi kwenye ncha jamani.

#33 Sahani ya Chini

Nimesoma uzi mzima na sijaona mtu anauliza NAMNA ya kumwagilia. Mkuu Kivuli, unamwagilia juu au unaloweka chungu kwenye beseni?

#34 Kivuli cha Dirisha

Za chumbani naziloweka kwenye beseni. Ya barazani inamwagiwa juu.

#35 Sahani ya Chini

Hapo pana mzigo wote.

Ukiloweka kutoka chini, maji yanapanda, juu yanakauka, na chumvi zinabaki udongoni. Hazitoki kamwe kwa sababu hakuna maji yanayopita kutoka juu kwenda chini. Tazama uso wa udongo na ukingo wa chungu, kama kuna ukoko mweupe au wa rangi ya kutu ujue ndiyo hizo. Ile ya barazani kila ukimwagia juu unaiosha bila kujua. Hata ungetumia maji ya bomba huko, huenda ingekaa safi.

Faida ya kuloweka ipo: makumbi ya nazi yakikauka sana yanajivuta kutoka kwenye kuta za chungu, na maji ya juu yanapita pembeni yakatoka chini huku katikati pamekauka. Hapo kuloweka kunaokoa. Lakini mara kwa mara peleka chungu bafuni, mimina juu maji ya kiasi mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke yote chini. Usiache mmea ukae kwenye maji hayo.

#36 Kivuli cha Dirisha

Ukoko upo. Mweupe, pembeni mwa chungu cha orbifolia.

#37 Mkemia wa Maji

Ukoko huo wa kawaida ni chokaa na chumvi za mbolea, si floridi. Mbolea unatia gani na kiasi gani?

#38 Kivuli cha Dirisha

Ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, mara mbili kwa mwezi. Kabla ya kupanda nilichanganya udongo na mbolea ya chenga ya fosfeti aliyonishauri muuza mimea.

#39 Mkemia wa Maji

Simama hapo kwenye fosfeti. Kama ni ile ya superifosfeti, imetengenezwa kwa mwamba wa fosfeti na hubeba floridi ndani yake. Wakulima wa mimea ya majani wanaiepuka kwa sababu hiyo. Unaweza kubadilisha maji yote na chanzo kikabaki udongoni. Mimea ya majani haihitaji fosforasi nyingi, uwiano wa NPK (nitrojeni, fosforasi, potasiamu) wa 3-1-2 unaitosha.

Njia mojawapo ya kuizuia floridi ni kuongeza chokaa kidogo ili pH (kipimo cha uchachu, chini ya 7 ni uchachu) ipande hadi 6.5 hivi. Kalsiamu inaikamata na mizizi haiipati.

#40 Mzee wa Mboji

Chokaa kwenye kalathea? Huo ni mmea unaopenda udongo wenye uchachu kidogo. Pandisha pH uone majani machanga yanavyogeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kukosa chuma. Utakuwa umeponya ncha na kuua jani. Mwaga udongo wote, osha mizizi, anza upya.

#41 Mkemia wa Maji

Mzee, 6.5 bado ni uchachu. Sikusema umwage gunia.

#42 Nuru ya Mashariki

Niongeze moja. Mleta uzi anasema jua haliingii moja kwa moja, lakini hatujui mwanga ni kiasi gani. Jicho la mtu linadanganya, linajizoesha. Mita mbili kutoka dirishani kunaweza kuwa na sehemu ndogo tu ya mwanga ulio pale dirishani. Kwenye mwanga hafifu mmea unakula kidogo na kunywa kidogo, udongo unakaa umelowa, mbolea ile ile inakuwa nyingi kwake. Barazani kwenye kivuli kuna mwanga kuliko pembe yoyote ya chumba. Mimi ningesogeza mmea kabla ya kununua mtambo wa maji. Ila usipigwe na jua kali, rangi za jani zitapauka.

#43 Kivuli cha Dirisha

Asanteni sana wote. Kwa kuwa kila hoja inafaa, nataka kujaribu badala ya kubishana. Makoyana ya chumbani imejaa, inaweza kugawanywa. Vipande viwili, udongo mpya usio na fosfeti, chumba kimoja, dirisha moja, vyote vimwagiliwe juu asubuhi. Kimoja maji ya bomba, kingine maji ya mvua. Nitahukumu kwa majani mapya tu kama alivyosema Mwalimu #14.

#44 Mwalimu Bota

Vizuri. Ila ukigawa, mizizi inakatika, na vipande havipati jeraha sawa. Jani la kwanza baada ya kugawa linaweza kukauka ncha kwa mshtuko tu. Lipuuze, anza kuhesabu kuanzia la pili au la tatu. Na viwili ni vichache. Kama inakubali, fanya vinne.

#45 Tone la Usiku

Na uandike kila alfajiri kama matone yapo au hayapo, kwenye kila chungu. La sivyo tutarudi hapa kubishana upya.

#46 Shangazi Mimea

Mashine ya mvuke iwe umbali sawa na vyungu vyote, mwanangu. Usiiegemeze upande wa maji ya mvua.

#47 Mkemia wa Maji

Maji ya mvua karibu hayana kalsiamu wala magnesiamu. Yasipopata mbolea kamili, kundi hilo litadhoofika kwa njaa na utasema mvua ni mbaya. Mbolea iwe ile ile kwa vyote.

#48 Kivuli cha Dirisha

Nimegawa vinne, mizizi ni myeupe yote (Mzee wa Mboji, picha ziko kwenye ukurasa wa pili). Viwili bomba, viwili mvua. Mashine iko katikati. Nitarudi majani yakifunguka.

#49 Fundi Chungu

Kabla hujaenda: naona kwenye picha vyungu viwili ni vya plastiki na viwili vya mfinyanzi. Vya mfinyanzi vinatoa maji ubavuni na kunyonya chumvi kwenye kuta. Hivyo vya mfinyanzi umevigawa kimoja kimoja kila upande, au vyote vimeangukia upande mmoja?